Pete nyekundu kwenye koili ya marehemu Salum

Wakuu, heshima kwenu wote, wa siku nyingi na nyie mliojiunga juzi.

Mie humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nyuzi zenu nazisoma kila siku nikiwa na kikombe changu cha saa nne, na zipo ambazo najua kabisa ni chai kuliko hiyo niliyoshika. Leo naleta ya kwangu. Sio chai, sijatunga. Mengine hata mie mwenyewe sina maelezo yake, na pale nisipojua nitasema sijui.

Nijitambulishe kidogo ili mjue anayeongea ni nani.

Mie ni fundi wa friji. Ukisikia fundi usinione wa kubeba begi la spana na kugonga mageti ya watu. Nilianza hivyo, ndiyo, kwa miguu, Mtoni mpaka Keko na kurudi. Leo nina karakana yangu Temeke yenye geti linaloingiza lori. Nina nyumba Gongo la Mboto nimeijenga bila kumpigia mtu magoti, na wapangaji wananiita bosi. Elimu yangu darasa la saba, na hilo nalo nililimaliza kwa sababu mama alikuwa ananisindikiza mpaka mlangoni kwa mwalimu.

Kwa hiyo mtakaposikia naongea mambo ya kompyuta msije mkadhani nimekariri. Nimeona kwa macho yangu, na nilikuwa nauliza mpaka nielewe.

Kilichonipa jina mjini ni koili. Kwa asiyejua, koili ni bomba la shaba linalozungushwa kama springi, ndani inapita gesi au maji, na hapo ndipo ubaridi unapofanyika. Za kiwandani zimejaa. Mie natengeneza kwa mkono, zile saizi ambazo ukizitafuta dukani watakuangalia tu.

Sasa naomba hapa mtulie, maana kila kitu kinakaa juu ya hili.

Bomba la shaba ukilipinda tupu linabonyea kama mrija wa soda. Kwa hiyo tunalijaza mchanga mkavu uliochekechwa, tunaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti. Ncha moja tunaifunga kwenye bomba nene la chuma lililosimama, tunaliita ngoma. Halafu fundi analishika bomba la shaba karibu na ngoma na kuizunguka huku anavuta kwa uzito wote wa mwili. Mkia wa bomba unamfuata nyuma sakafuni.

Na huvuti huku unapumua. Unajaza kifua, unabana, unavuta mpaka pumzi iishe, unasimama. Unalikaza kwa goti lisirudi, unapumua, unashika upya, unabana tena. Hiyo sehemu unaposimama tunaiita kituo. Kila fundi ana urefu wake wa pumzi. Mie nilikuwaga navuta raundi nzima kwa pumzi moja na chenji inabaki. Waliowahi kuniona kazini wapo humu, waseme.

Shikeni hapo pa pumzi, tutaparudia.

Nilianza kazi hii na mwenzangu anaitwa Salum. Marehemu sasa. Tulikuwa tumekula sahani moja tangu utotoni, watu wakidhani ni ndugu. Salum alikuwa mashoto, kwa hiyo ngoma alikuwa anaizunguka kinyume na sie wote, na koili zake zilikuwa zinaelekea kushoto. Wateja hawakujali, maji hayaulizi njia. Alikuwa mpole, hana maneno. Ukimwambia lolote anajibu "mmh". Umwambie tumepata oda kubwa, mmh. Umwambie nyumba yako inaungua, mmh.

Mwaka juzi, siku ya Ijumaa, tukajiandaa kwenda msikitini. Yeye alikuwa kwenye ngoma. Akasema, "Tangulieni, namalizia hizi raundi nakuja."

Hakuja.

Tuliporudi koili ilikuwa imeisha kabisa, ncha zimefungwa waya kama inavyotakiwa. Salum alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ngoma, miguu kanyoosha, mkono wa kushoto kauweka mapajani kama mtu anayesubiri aletewe maji. Chande, fundi wangu mkubwa, akamtania, "Leo umeikimbia hotuba." Hakujibu mmh.

Hospitali walisema moyo. Mtaani walisema kuna mtu kamtupia kitu, na kila mtu alikuwa na jina lake la huyo mtu. Mie nilikaa katikati. Mwanaume mwenye afya, jana yake kabeba kompresa mgongoni, leo amekaa tu hivyo. Unashika lipi?

Mwenye oda aliposikia akasema koili hiyo haitaki hata bure. Nikatoa mchanga, nikaisafisha, nikaitundika ukutani. Kuiuza siwezi na kuiyeyusha siwezi.

Tatizo ni feni. Nina feni kubwa inayogeuka huku na huku. Kila inapogeukia ule ukuta, upepo unapita kwenye mdomo wa ile koili na inatoa sauti. Mnajua sauti yenyewe.

Mmmh.

Vijana wakazoea, wakawa wanaisalimia. Mie nikizima feni wanalalamika joto, kwa hiyo nikawa naiacha.

Sasa anaingia Zuhura.

Zuhura ni mtoto wa dada yangu. Anasomea uhandisi, yuko shahada ya pili, anakaa hosteli za Mabibo. Utafiti wake ni jinsi maji yanavyopita ndani ya bomba lililozungushwa. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilimuuliza mama yake, yaani mmemsomesha miaka yote hiyo aje kusomea kitu ninachokikanyaga kila siku?

Alikuja kwangu kwa sababu ya kompyuta. Nilikwenda Kariakoo kutafuta ya kuangalizia kamera za karakana, kijana wa duka akaniambia mzee chukua hii, hii ndiyo mwisho. Kumbe ni ya kuchezea gemu. Ina taa zinabadilika rangi kama ukumbi wa harusi. Vijana wamenicheka sana. Zuhura alipoiona akaizunguka, akasema, "Mjomba, yenye nguvu hivi kwenye maabara yetu hakuna."

Mnaelewa nilivyojisikia. Nikawaita wote waje wasikie, nikamwambia arudie.

Alikuwa anatafuta koili ya mkono. Za kiwandani alishazipima, ziko sawasawa mno, maji yake yanajulikana tayari. Akatembeza macho karakana nzima, akanyoosha kidole ukutani.

"Nataka ile."

"Ile haiuzwi."

"Sinunui mjomba, naipiga picha tu halafu naiingiza kwenye kompyuta."

Feni ikageuka. Mmmh.

Chande akasema bila kuinua kichwa, "Mwenyewe ameshakubali."

Alikuwa na kifaa cha kupigia picha, amekiazima chuo, kimekaa kama pasi. Unakipitisha juu ya kitu na kompyuta inalichora umbo lake lote. Ila hakipendi kitu kinachong'aa, na shaba inang'aa. Kwa hiyo akatoa poda ya watoto na pamba, akaanza kuipaka ile koili, taratibu, pole pole, kila raundi, juu na chini, mpaka ikawa nyeupe yote.

Mie nilikuwa nimesimama pembeni. Salum nilimwosha mie. Wale waliowahi kuosha maiti wanajua pamba na kitu cheupe vinakumbusha nini. Nikatoka nje nikajifanya napokea simu.

Niliporudi umbo lilikuwa kwenye skrini. Sasa kazi yake ikaanza, inaitwa mesh. Niwaeleze nilivyoelewa, wahandisi mtanisahihisha.

Kompyuta haiwezi kuhesabu maji yote kwa mkupuo. Kwa hiyo unachukua ule uwazi wa ndani ya bomba unaukata vipande vidogo vidogo, wao wanaviita seli, halafu inapiga hesabu ya maji yanavyotoka kipande hiki kwenda kile. Unaanza kulikata bomba kama unavyokata ndizi. Kisha kila kipande nacho unakigawa. Ukigawa kama keki, ncha zote zinakutana katikati zinakuwa nyembamba, kompyuta inakasirika. Kwa hiyo katikati unaweka mraba, unauzungushia tabaka, na kadiri unavyosogea ukutani tabaka zinakuwa nyembamba kama maganda ya kitunguu, kwa sababu ukutani ndiko maji yanakosuguana. Ukimaliza unaona msuko kama wa mkeka, umejizungusha kufuata bomba mwanzo mpaka mwisho. Ni kitu kizuri kukiangalia, nisiwafiche.

Ila ya Salum ikagoma.

Anajenga, inakataa. Anabadilisha, inakataa. Nikamuuliza inasemaje hiyo. Akanisomea kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesoma bango la barabarani.

"Inasema left-handed faces, mjomba. Nyuso za mkono wa kushoto."

Chande aliacha kupiga tupa.

Zuhura hakuwepo enzi zetu, Salum alimjua juu juu, wa kumpa hela ya pipi siku ya Idi. Mkono aliokuwa anatumia kazini angeujulia wapi? Nikamwambia soma tena. Akasoma tena. Kushoto.

Alipoona nyuso zetu ndipo akacheka, akaeleza. Ni lugha ya programu tu. Zile seli nyembamba za ukutani, pale bomba lilipobadilika ghafla, zinapishana na kujipindua, ndani inakuwa nje. Programu ikiikuta seli iliyopinduka hivyo inaiita ya kushoto. Hata kwa bomba lililonyooka kabisa inaweza kusema hivyo.

Nilimwelewa. Ila mwili ulikuwa umeshaelewa vyake.

Akamuuliza Chande kama marehemu alikuwa mashoto. Chande akasema mmh, halafu akajishtukia, akashika tupa yake.

Basi Zuhura akaiwekea rangi ili aone zilipo hizo seli mbovu. Nzuri kijani, mbaya nyekundu. Ile koili ikajizungusha kwenye skrini, kijani tupu, na juu yake pete nyekundu. Pete hapa, mbele kidogo pete, mbele tena pete. Kila pete inalizunguka bomba kama bangili.

Yeye akadhani kifaa chake kina kasoro. Akapiga picha upya. Pete zikarudi pale pale.

Mie nilikuwa nimeshajua, wakuu. Sikuwaza, nilijua tu, kama unavyojua hatua za mtu wa nyumbani kwako akiwa bado nje.

Vile ni vituo.

Kila Salum aliposimama kupumua, akalikaza bomba kwa goti na kushika upya, shaba ilibonyea kidogo. Kidogo ambacho jicho halioni, na kidole changu hiki kilichoshika shaba miaka yote hakisikii. Kompyuta ilikiona. Nilikuwa naangalia pumzi za marehemu, moja moja, zimepangwa mstari.

Nikamwambia Zuhura isogeze taratibu, tuanzie mwanzo.

Mwanzo pete ziko mbali mbali, sawasawa, Salum ninayemjua. Raundi za katikati zikaanza kusogeleana. Halafu zikasogeleana zaidi. Kuelekea mwisho zilikuwa zimebanana kama mtu anayehema. Huyu mtu alikuwa anakata roho, na alikuwa anavuta hivyo hivyo, na hakuwa na wa kumwambia kwa sababu sote tulikuwa tumekwenda.

Halafu zikaisha.

Raundi mbili za mwisho hazina pete hata moja. Kijani safi mpaka kwenye ncha.

Zuhura akasema, "Hapa mwisho pazuri sana mjomba. Hapa nani alimpokea?"

Hapakuwa na mtu. Geti tulilifunga wenyewe tulipoondoka, Salum alikuwa na ufunguo wake wa kutokea, na tuliporudi tulilikuta limefungwa vile vile.

Najua mtauliza, kwani raundi mbili bila kusimama haiwezekani? Haiwezekani. Baadaye nilimsimamisha kijana wangu mmoja mbeba magunia wa zamani, kifua kama mlango. Nikamwambia vuta bila kituo. Raundi moja hakuifikisha, macho yalimtoka.

Sasa nije kwenye langu mie. Hiyo ya Salum ningeweza kuisimulia vijiweni nikasahau.

Siku hiyo hiyo nilikuwa na koili yangu kwenye ngoma. Saizi ile ile ya bomba, ngoma ile ile. Nilikuwa nimeiacha ili nile, zilibaki raundi mbili niimalize. Zuhura akasema anahitaji nyingine ya kulinganisha.

Mnanijua nilivyo. Nikamwambia, "Piga ile pale, uone mkono wa mwanaume. Itakuwa kijani mpaka ikuchoshe."

Akaipaka poda ikiwa hapo hapo kwenye ngoma, akapitisha pasi yake, akaenda kukaa. Mie nikaenda kuvaa glavu nimalizie. Nilikuwa nimeshalishika bomba.

"Mjomba, njoo uone. Zimefanana."

Aliziweka pembeni kwa pembeni kwenye skrini. Ya Salum inaelekea kushoto, yangu kulia, kama mtu na kioo chake.

Mwanzo pete mbali mbali. Katikati zinasogeleana. Mwisho zimebanana.

Pete kwa pete. Mpaka pale yangu ilipokatikia, na yangu ilikatikia pale pale ambapo kwake usafi unaanza.

Mtoto alikuwa na furaha kweli. Kwake ilikuwa habari njema, maana yake kifaa hakina kasoro na utafiti umesimama. Akaniuliza kwa nia nzuri kabisa, "Yako ukiimalizia itakuwa hivi hivi?"

Feni ikageuka ukutani.

Mmmh.

Wakuu, nimeshawahi kukabwa na watu wenye mapanga pale Tandika nikabaki nimesimama. Siku ile nilikimbia kazi. Nikavua glavu, nikaziweka juu ya ngoma.

Nikawaambia naenda kuzungumza na mteja, nikakaa kwenye gari nje. Nikaanza kujihoji. Kweli siku hizi nikivuta najikuta nimesimama kabla sijapanga kusimama. Nilikuwa nasema joto. Mkono wa kushoto ulikuwa unakufa ganzi, nikasema nimeulalia. Jasho la baridi, nikasema ni ile supu. Kila kitu nilikuwa nakitafutia jina dogo.

Bado nikabisha. Kichwani nikasema labda ndivyo mafundi wote tulivyo, labda kila koili ikielekea mwisho pete zinabanana. Kesho yake nikamwita Zuhura nikamwambia apige picha ile koili ya mlangoni. Hiyo niliitengeneza mie mwaka tulipofungua karakana, imekaa pale kama kibao.

Ikatoka kijani. Pete chache, mbali mbali, umbali ule ule mwanzo mwisho.

Kwa hiyo sio mafundi wote. Ni mie wa sasa.

Nyumbani nilimwambia mke wangu, Mama Nasra. Nilitegemea atasema tutafute mtu wa kusoma dua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na hiyo kompyuta imesema uendelee kukaa hapa unanisimulia?" Akaenda kuvaa baibui.

Daktari alikuwa kijana mdogo tu, wa rika la mwanangu wa kwanza. Akaniamkia vizuri, akauliza, "Mzee unasumbuliwa na nini?"

"Sisumbuliwi na kitu."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kupimwa pumzi. Zinabanana."

Mama Nasra akanipiga kiwiko niongee kama mtu mzima. Nikamweleza yote, mchanga, ngoma, vituo, pete. Nilijua atacheka. Hakucheka. Aliacha kuandika. Akauliza marehemu alikuwa na umri gani, na kama mkono wangu wa kushoto unaniuma. Halafu akainuka yeye mwenyewe kunitafutia kitanda cha kupimia.

Nisiwachoshe na ya hospitali. Nilifungwa nyaya, nikapandishwa mashine ya kutembea ambayo sikuimaliza, mie mnayemsikia hapa. Mwisho wakaingiza dawa kwenye mishipa wakaniwekea skrini nione. Mishipa ya moyo, wakuu, imepinda pinda, nayo ni mabomba tu. Mmoja katikati umebana, umebaki uzi.

Nikamwambia daktari, "Hapo ndipo palipobonyea."

Akasema ndiyo mzee, hapo. Akasema ningebana pumzi kwa nguvu nikivuta kitu kizito, angekuwa anaongea na mke wangu tu.

Nilikuwa nimebakiza raundi mbili.

Waliniwekea kitu mle ndani cha kuuzuia mshipa usijifunge, wanakiita stenti. Kabla ya kukiweka niliomba nikione, maana mie siingiziwi kitu nisichokijua. Daktari akanionyesha mfano wake. Kibomba chembamba kuliko njiti ya kiberiti, kimesukwa kwa waya, vyumba vyumba.

Nikacheka pale kitandani. Wakadhani dawa imenipanda. Ni mesh. Ile ile ya Zuhura, imejizungusha kufuata ukuta wa bomba.

Niko vizuri sasa. Natembea, nakula bila chumvi, nalalamika. Kuvuta koili nimekatazwa, anavuta Chande na wenzake mie nimekaa kwenye kiti nawasimamia. Nimeweka sheria karakanani kwangu, hakuna mtu kuvuta peke yake, na ikifika Ijumaa ngoma inalala mpaka turudi wote. Na kila koili inayotoka Zuhura anaipiga pasi. Mwanzo vijana walisema bosi kapata uchizi. Mmoja pete zake zilipoanza kusogeleana nikampeleka hospitali kwa nguvu, alikutwa na pumu. Hawasemi tena.

Zuhura alimaliza hesabu zake akaniita nione maji yanavyopita kwenye koili ya Salum. Sikujua kama maji kwenye bomba lililopinda hayaendi mbele tu. Yanajigawa, nusu yanazunguka juu na nusu chini, ukilikata bomba unaona viduara viwili pembeni kwa pembeni. Kama macho.

Alinipitisha ndani, kipande kwa kipande. Macho yanakuangalia. Kila ukifika kwenye pete yanafinya, yanafumbuka, yanafinya tena. Zile pete za mwisho yakawa yanapepesa haraka haraka, siwezi kuwaeleza.

Halafu tukaingia kwenye raundi mbili zile safi. Yakafumbuka. Yakatulia. Hayakufinya tena mpaka tukatokea nje.

Zuhura ana maelezo yake, anasema huenda marehemu alilipasha moto bomba mwishoni likalainika. Inawezekana. Msomi namheshimu na hoja yake naiweka hapa. Mie niliipokea koili ile kwa mikono yangu, na shaba iliyopigwa moto inabadilika rangi. Ile haikubadilika. Naishia hapo, sijui zaidi.

Ninachojua ni hiki. Usikae unajipa majina madogo. Joto, supu, nimelalia mkono. Nenda ukapimwe ukiwa unatembea kwa miguu yako, hasa nyie wenzangu wa kazi za nguvu mliovuka arobaini na bado mnajiita vijana. Salum alikuwa na nguvu kuliko nyote mnaosoma hapa.

Wa kusema chai nawaruhusu. Panda kwanza ghorofa tatu kwa miguu bila kusimama, ukifika juu hesabu vituo vyako, halafu njoo uandike. Mafundi wa friji, wahandisi, madaktari, na wewe ambaye ulishawahi kukuta kazi ya marehemu imekamilika na hujui nani kaimalizia, nataka kuwasikia.

Nyongeza: kuna mkuu hapo chini kauliza ile koili yangu iliishia wapi.

Ipo. Mteja nilimtengenezea nyingine. Chande aliomba mara kadhaa aimalizie, ni raundi mbili tu bosi, nikamkatalia, na ngoma ile nimeistaafisha, nimenunua nyingine. Koili niliivua nikaitundika ukutani pembeni ya ile ya Salum, mkia wake umening'inia umenyooka.

Feni inazigeukia zote mbili. Ya Salum inaitikia kama kawaida yake. Yangu bado imejaa mchanga, vigingi viko pale pale, haitoi sauti.